Fumbo la sifuri na moja: karatasi, Excel, CyberChef au Python?

Ukipewa mstari mrefu wa sifuri na moja usio na maelezo yoyote, utajikuta unauliza utumie programu gani. Ni swali halali, lakini lina kaka yake aliyelitangulia: mstari ukatwe kila baada ya tarakimu ngapi? Ukikata pasipo, hakuna programu itakayokuokoa. Ukikata panapo, hata penseli inatosha.

Kwa hiyo katika ulinganisho huu sijali sana kifaa kipi kina kasi, maana kwa ujumbe wa herufi hamsini vyote vina kasi ya kutosha. Ninachotazama ni kama kifaa kinakushtua unapokata vibaya, au kinakumwagia takataka na kunyamaza. Nimechukua mafumbo matatu na kuyapitisha kwenye kila njia.

La kwanza ni jepesi, la aina unayoweza kumwandikia mtoto katika mchezo wa kutafuta zawadi iliyofichwa:

011011010111011101100101011011010110001001100101

La pili lilishuka kutoka angani. Tarehe 18 Februari 2021 gari la utafiti la NASA, Perseverance, lilitua katika kreta ya Jezero kwenye sayari ya Mirihi. Parachuti yake, yenye kipenyo cha mita 21.5, ilikuwa na mabaka meupe na ya rangi ya machungwa yaliyoonekana kutapakaa ovyo. Siku nne baadaye video ya kutua ilipoonyeshwa, mhandisi Allen Chen alidokeza kwamba wakati mwingine wahandisi huacha ujumbe katika kazi yao ili wengine wautafute. Watu mitandaoni waliufumbua ndani ya saa chache. Aliyeupanga ni mhandisi mwenzake, Ian Clark. Nimelichagua fumbo hili kwa sababu ni la kweli, na kwa sababu linawaumbua watu wanaobandika tu mstari kwenye tovuti na kubonyeza kitufe.

La tatu ni sentensi fupi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa simu kisha ikageuzwa kuwa bainari, yaani sifuri na moja: ng’ombe wamerudi. Inaonekana haina neno. Subiri.

Karatasi

Usiidharau. Kwa ujumbe mfupi karatasi inashinda, na si kwa sababu ya mapenzi ya mambo ya kale. ASCII, ule mpangilio wa herufi uliotolewa Marekani mwaka 1963 na kuongezewa herufi ndogo mwaka 1967, umepangwa kwa namna ambayo mtu anaweza kuufuata kichwani bila jedwali. Katika kundi la tarakimu nane, tatu za mwanzo zinataja aina: 010 ni herufi kubwa, 011 ni herufi ndogo, 001 ni namba na alama za uandishi. Tano zilizobaki ni nafasi ya herufi katika alfabeti.

Tarakimu tano ni vidole vya mkono mmoja. Kidole gumba, cha tarakimu ya mwisho kulia, kipe thamani ya 1, kinachofuata 2, kisha 4, 8, na kidole kidogo 16. Nyoosha penye 1, kunja penye 0, jumlisha vilivyonyooka. Mkono mmoja unafika 31, na herufi ziko 26 tu. Angalizo moja kwa aliyesoma alfabeti ya Kiswahili shuleni: hapa Q na X zinahesabiwa, na C inasimama peke yake bila H. Ukiziruka, herufi zako zitahama na utamlaumu mtunga fumbo bure.

Sasa fumbo la kwanza. Hesabu tarakimu: 48. Namba hiyo inagawanyika kwa 8 na kwa 6, haigawanyiki kwa 5 wala 7. Iandike kwa mistari ya sita sita na hutaona safu wima hata moja iliyotulia. Iandike kwa nane nane:

01101101
01110111
01100101
01101101
01100010
01100101

Tazama safu tatu za kushoto: sifuri tupu, moja tupu, moja tupu. Mpangilio kama huo hautokei kwa bahati. Umepata pa kukata, na pia umejua kuwa ni herufi ndogo. Tano za kulia zinatoa 13, 23, 5, 13, 2, 5, yaani m, w, e, m, b, e. Zawadi iko kwenye mwembe.

Hapo ndipo karatasi inapoacha vifaa vingi nyuma. Kutambua pa kukata ni kazi ya macho kabla ya kuwa hesabu, na macho yanataka safu zilizopangwa. Daftari la hesabu lenye miraba linafaa kuliko karatasi yenye mistari, kwa sababu kila tarakimu inapata mraba wake na safu hazipindi.

Parachuti nayo inakubali karatasi, tena vizuri. Kitambaa kina duara nne, kila moja ina vipande 80, rangi moja ikiwa 0 na nyingine 1. Themanini inagawanyika kwa 8, hivyo mtu wa haraka anakata nane nane. Lakini inagawanyika kwa 10 pia, na 10 ndiyo yenyewe. Kipimo cha kugawanya urefu, kilichotusaidia kwenye mwembe, hapa hakikatazi kosa. Ni safu wima tu zinazosema: ukipanga kumi kumi kwa kuanzia mahali sahihi, safu tatu za kushoto zote zinakuwa sifuri. Na kwa kuwa duara haina mwanzo, unasogeza pa kuanzia hatua moja moja hadi sifuri hizo zijipange. Nafasi za kujaribu ni kumi tu, si themanini, maana ukishasogea hatua kumi umerudi kwenye mikato ile ile.

Duara ya ndani inaanza hivi:

0000000100
0000000001
0000010010
0000000101

Yaani 4, 1, 18, 5. Kwa kuhesabu A kuwa 1, ni DARE. Nafasi nne zilizobaki kwenye duara hiyo zimejazwa 127, ambayo ni 0001111111, kama kijazio tu. Duara inayofuata ni MIGHTY, ya tatu THINGS. Thubutu mambo makuu, kaulimbiu inayopendwa na maabara ya JPL iliyolitengeneza gari hilo, na asili yake ni hotuba ya Theodore Roosevelt ya mwaka 1899.

Udhaifu wa karatasi ni urefu. Ukivuka tarakimu mia tatu hivi, jicho linaruka mstari, na tarakimu moja ikipotea kila kinachofuata kinaharibika. Lakini hata hapo, panga mistari kumi ya mwanzo kwa mkono kabla hujagusa kompyuta.

Kikokotoo nitakipita haraka. Casio fx-991ES ina hali ya BASE-N inayogeuza bainari kuwa namba za kawaida. Fx-82MS, ambayo imejaa mikobani mwa wanafunzi, haina. Calculator ya Windows nayo ina hali ya Programmer. Vyote vinageuza kundi moja kwa wakati, na kwa kundi moja vidole ni vya haraka zaidi.

Excel au Google Sheets

Hili ndilo chaguo langu kwa watu wengi, na najua litawachekesha wanaoandika programu. Sababu ni kwamba lahajedwali inaweka kila hatua kwenye safu yake: kipande cha bainari, pembeni namba, pembeni herufi. Ukikosea, unaona umekosea katika hatua ipi.

Weka mstari wote kwenye A1. Kwenye F1 andika ukubwa wa kundi, kwenye E1 andika umesogea hatua ngapi. Kisha B1, ukiivuta kwenda chini:

=MID($A$1&$A$1,(ROW()-1)*$F$1+1+$E$1,$F$1)

C1 iwe =BIN2DEC(B1), na D1 iwe =CHAR(C1). A1 imeunganishwa na nafsi yake ili fumbo la duara lizunguke bila kukwama mwishoni. Kama lako ni la mstari ulionyooka, ishia tu kwenye mstari wa mwisho unaohitajika. Sasa badilisha F1 kutoka 8 kwenda 7, kwenda 5, kwenda 10, na ukurasa mzima unajikata upya mbele yako. Chagua fonti ambayo herufi zake zina upana mmoja, Consolas au Courier New, na zile safu wima za daftari la miraba unazipata bila kuandika tena.

Kuna mtego mmoja mlangoni. Ukibandika tarakimu 48 kwenye seli ya kawaida, Excel inadhani ni namba. Inatupa sifuri ya mwanzo, inashika tarakimu 15 tu za kwanza, na kukuonyesha 1.1011E+46. Ujumbe umekufa kabla hujaanza. Ifanye seli kuwa Text kwanza, au tanguliza ritifaa, ile ile ya ng'ombe, kabla ya tarakimu ya kwanza.

Kwenye parachuti lahajedwali ilifanya kazi nzuri kuliko nilivyotarajia, na kwa bahati iliyonifurahisha: BIN2DEC inapokea tarakimu zisizozidi kumi, na za parachuti ni kumi kamili. Zaidi ya hayo, kundi la tarakimu kumi likianza na 1, BIN2DEC inalihesabu kuwa namba hasi. Kwa matumizi ya kawaida hiyo ni kero. Hapa ni kengele: ukikata mahali pasipo, mara nyingi namba hasi zinaanza kujitokeza kwenye safu C na CHAR inagoma. Sogeza E1 hadi ziishe na safu tatu za kushoto ziwe sifuri tupu.

Ukitumia =CHAR(C1+64), duara ya ndani inatoa DARE¿¿¿¿. Alama hizo za swali zilizopinduliwa ni vile vijazio vya 127. Duara ya nje inatoa bKzN¶J_W.

Mtu mwenye kifaa kinachoonyesha matokeo peke yake angesema amekosea mahali. Mwenye lahajedwali anageuza macho hatua moja kushoto na kuona 34, 11, 58, 14, 118, 10, 31, 23. Nusu ya namba hizo zinapita 26, kwa hiyo si herufi. Zilizo herufi ni mbili tu, 14 na 23, yaani N na W. Isome tena: nyuzi 34, dakika 11, sekunde 58 kaskazini, nyuzi 118, dakika 10, sekunde 31 magharibi. Ndipo ilipo JPL yenyewe, Pasadena, California. Hapana kifaa nilichokipitia hapa ambacho kingeamua chenyewe kwamba 10 ya duara hii ni namba na si herufi J. Uamuzi huo ni wa mtu, na mtu anauhitaji ushahidi mbele yake.

Ubaya? Kwenye simu, kuandika fomula hizo ni adhabu. Na lahajedwali haipendi mafumbo yenye tabaka.

CyberChef

Hii imetengenezwa na GCHQ, shirika la Uingereza linalosikiliza mawasiliano ya dunia, likaitoa bure mwaka 2016 kwa yeyote aitakaye. Inafanya kazi ndani ya kivinjari chako, na data haitoki kwenye mashine yako. Unaweza hata kuipakua nzima na kuitumia bila intaneti, jambo la maana pale bando linapoisha saa nne usiku.

Unavuta hatua iitwayo From Binary, unabandika mstari, matokeo yanatokea. Mwembe ulitokea papo hapo. Nguvu yake halisi ni kupanga hatua juu ya hatua: bainari ikitoa maandishi yanayoishia na ==, dalili ya msimbo uitwao Base64, unaongeza From Base64, hiyo ikitoa kitu kingine unaongeza hatua nyingine, na mlolongo wote unaonekana upande mmoja. Kuna pia hatua ya Magic, inayojaribu kukisia yenyewe. Kwa mashindano ya usalama wa kompyuta, ambako mafumbo huvikwa tabaka tatu au nne, sijaona cha kuifikia.

Ila jaribu kuudondosha mkato. Ondoa sifuri ya kwanza ya fumbo la mwembe, kama mtu aliyenakili vibaya, uone kinachotokea. Unapata maandishi yanayoanza na ÚîÊÚÄ. Hakuna onyo. Mgeni ataamua kwamba ujumbe uko katika lugha nyingine, au umefungwa kwa nenosiri. Kumbe kila herufi imepoteza sifuri yake ya kushoto na kuazima tarakimu ya jirani: m ni 109, na Ú ni 218, mara mbili yake kamili. Kwa hiyo chukua hii kama kanuni ya CyberChef: ukiona herufi zilizovaa kofia na nukta, usitafute kamusi ya kigeni, sogeza mkato tarakimu moja.

Parachuti kwa nane nane ni mbaya zaidi. Zile tarakimu arobaini za DARE zinatoa 1, 0, 16, 72, 5. Nne kati ya hizo hazina umbo la kuonekana kwenye skrini, na moja ni H. Utaona H imekaa peke yake, na unaweza kupoteza jioni nzima ukitafuta maana ya H. Inawezekana kuirekebisha, kwa kuweka urefu wa kundi kuwa 10 ndani ya From Binary, kisha To Decimal, na baada ya kuondoa zile 127, A1Z26 Cipher Decode. Lakini angalia kilichotokea: ulihitaji kuijua 10 kabla ya kufika hapo.

Python

Kwa asiyejua kabisa kuandika programu, ruka sehemu hii bila kinyongo. Kwa anayejua kidogo, mistari michache inafanya kazi ya macho na ya hesabu kwa pamoja (s ni mstari wako wa fumbo):

for n in (5, 6, 7, 8, 10):
    print("kundi la", n)
    for i in range(0, len(s), n):
        print(s[i:i+n])

Hiyo haifumbui chochote. Inapanga tu, mara tano, nawe unapitisha macho kutafuta safu iliyotulia. Ukiipata, ndipo unafumbua:

print(bytes(int(s[i:i+8], 2) for i in range(0, len(s), 8)).decode("utf-8"))

Ninachokipenda kwenye mstari huo ni ukali wake. Mpe mwembe uliopoteza sifuri ya kwanza, naye anakataa kwa UnicodeDecodeError badala ya kukupa ÚîÊÚÄ. Mpe mstari ambao mtu ameandika herufi O badala ya sifuri, naye anakataa kwa ValueError. Kifaa kinachokataa kazi mbovu kina thamani kuliko kinachoipokea kwa adabu.

Hapa ndipo ng’ombe wetu wanaporudi. Kiswahili kina bahati katika mambo haya: herufi zake zote zimo ndani ya ASCII, hakuna nukta juu wala mkia chini, kila herufi ni baiti moja, yaani kundi moja la tarakimu nane. Isipokuwa ritifaa. Ile iliyonyooka, ', ni 39 na haina tatizo. Lakini simu nyingi na programu za kuandikia huibadilisha kimyakimya kuwa iliyopinda, ’, ambayo katika UTF-8, mpangilio wa herufi unaotumika sana siku hizi, ni baiti tatu: 11100010 10000000 10011001. Excel ya Windows, inayosoma baiti moja moja, inakuandikia ngâ€™ombe. CyberChef inaweza kukuandikia ubovu wa namna hiyo hadi uongeze Decode text na kuchagua UTF-8. Python, kwa mstari ule wa juu, inakupa ng’ombe safi. Na karatasi? Unaona mistari mitatu inayoanza na 1 katikati ya mingine yote inayoanza na 0, kabla yake pana n na g, baada yake ombe. Msomaji wa Kiswahili hahitaji UTF-8 kujua kilichokosekana.

Kwenye simu ya Android, Pydroid 3 inaendesha Python vizuri. Kwenye skrini ndogo naipendelea kuliko CyberChef, ambayo vidirisha vyake vinabanana.

Na roboti za kupiga soga?

Nitakuwa mfupi. Programu za akili bandia husoma maandishi kwa vipande, haziangalii tarakimu moja moja kama jicho lako, na mfululizo wa sifuri nyingi ni mahali pazuri pa kupoteza hesabu. Baya zaidi, zimezoea kutoa sentensi inayosomeka, kwa hiyo kosa lake linakuja limevaa nguo nzuri. Ziulize zikueleze msimbo wa Baudot ni nini, au zikuandikie fomula ya Excel. Kufumbua kwenyewe usizipe, labda kama una njia ya kuhakiki jibu, na ukiwa na njia hiyo huzihitaji.

Wakati kundi si nane

Mafumbo mengi ni ASCII, lakini yanayobaki ndiyo matamu, na uchaguzi wa kifaa unabadilika nayo.

Makundi ya tano yana ukoo wa aina tatu unaofanana sura. Kuna A kuwa 1, yaani 00001. Kuna msimbo wa mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon, aliouchapisha kwa ukamilifu mwaka 1623, ambapo A ni 00000. Bacon hakuandika sifuri na moja bali a na b, na alizificha katika aina mbili za mwandiko. Halafu kuna msimbo wa simu ya maandishi, ulioanzishwa na Mfaransa Émile Baudot katika miaka ya 1870 na kubadilishwa baadaye na Donald Murray, ambao haufuati alfabeti kabisa: herufi zinazotumika sana, kama E na T, zimepewa tundu moja tu kila moja kwenye utepe wa karatasi ili mashine isichoke.

Mbili za kwanza zinatofautiana kwa hatua moja. Ukisoma mwembe wa Bacon wa herufi 26 kwa kanuni ya A kuwa 1 unapata lvdlad. Na hapa Kiswahili kinakupa kipimo ambacho Waingereza hawana: maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Matokeo yakiishia na d, sogeza herufi moja mbele kabla hujatupa kazi. Bacon wa asili pia alikuwa na herufi 24, I na J zikikaa pamoja, vivyo hivyo U na V, kwa hiyo jua linatoka iua na vumbi linatoka uumbi. Ukikutana na maneno ya namna hiyo, uko njia sahihi.

Bacon hahitaji hata karatasi yenye namba. Mwaka 1918 huko Aurora, Illinois, wafumbuzi mashuhuri William na Elizebeth Friedman walipiga picha na maofisa waliokuwa wakiwafundisha. Wengine wanatazama kamera, wengine wamegeuza uso. Kutazama ni alama moja, kugeuka ni nyingine, na watano watano wanasomeka KNOWLEDGE IS POWER, isipokuwa watu hawakutosha kwa herufi ya mwisho. Kwa fumbo kama hilo CyberChef wala Python hazina pa kuanzia. Unaanza na penseli. Kwa Baudot, tovuti ya dCode ina ukurasa wake na inakuokoa na jedwali.

Na kuna mafumbo yasiyo maandishi. Tarehe 16 Novemba 1974 darubini ya Arecibo, Puerto Rico, ilirusha ujumbe wa tarakimu 1679 kuelekea kundi la nyota M13. Ujumbe huo, uliotungwa na Frank Drake na wenzake, hauna herufi hata moja. 1679 ni 23 mara 73, namba tasa mbili, na haigawanyiki kwa kitu kingine. Panga mistari 73 ya tarakimu 23, tia rangi kwenye moja, na picha ya mtu inatokea. Vivyo hivyo, ukihesabu 441, 625 au 841, acha kutafuta herufi: hizo ni 21, 25 na 29 zikizidishwa na nafsi zake, vipimo vya msimbo wa QR mdogo. Hapa Excel inashinda bila ubishi. Tarakimu moja kwa seli, seli zipunguzwe ziwe miraba, Conditional Formatting ipake nyeusi penye 1, kisha elekeza simu kwenye skrini.

Basi uchague nini

Kama ni mchezo wa watoto, kadi ya siku ya kuzaliwa, au swali moja la mtihani, tumia vidole na daftari la miraba. Kompyuta itakuchelewesha.

Kama ni fumbo lililopatikana kwenye kitu, yaani kitambaa, ushanga, picha, vigae vya ukutani, utalinakili kwa mkono vyovyote vile. Litie kwenye lahajedwali baada ya hapo. Hujui mwanzo wake, hujui kundi lake, na unahitaji kuona namba zikibadilika unapogusa E1 na F1. Kwa fumbo usilolijua asili yake, hapo ndipo ningeweka pesa yangu.

Kama ni maandishi marefu ambayo tayari yamekatwa nane nane kwa nafasi, CyberChef, na usijisumbue na mengine. Kama una mafumbo mengi ya aina moja, au maandishi yenye alama zisizo za ASCII, Python.

Na kama unajiandaa kwa picoCTF, mashindano ya usalama wa kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ambayo vijana wa kwetu nao hushiriki, una faida ya ziada: jibu kwa kawaida huanza na picoCTF na mabano ya mnyoo, {. Herufi p ni 01110000 na i ni 01101001. Kabla hujakata chochote, tafuta 0111000001101001 ndani ya mstari kwa Ctrl+F. Ikionekana, unajua kundi ni nane na mkato unaanzia pale pale. Isipoonekana, tafuta 1110000 ikifuatwa na 1101001, huenda ni makundi ya saba. Isipoonekana hiyo pia, geuza kila 0 kuwa 1 na kila 1 kuwa 0, utafute tena.